Itaendelea Jumapili Ijayo

Jumapili ya Januari 7, 1934, Wamarekani waliofungua magazeti yao walikuta dunia imebakiza siku chache. Sayari ngeni ilikuwa inakuja mbio kuigonga. Katika visanduku vya kwanza vya ukurasa ule Waafrika wanapiga ngoma msituni wakisubiri mwisho wao, Mwarabu jangwani ameelekea Makka anaomba dua, na umati wa New York umeduwaa mbele ya ubao wa taa unaotangaza habari. Visanduku vichache mbele, ndege ya abiria inapigwa na kimondo. Kijana mmoja mcheza polo anamkumbatia msichana waliyesafiri naye, anaruka naye kwa parachuti, na wanatua karibu na maabara ya mwanasayansi ambaye kazi na kukosa usingizi vimemrusha akili. Mwanasayansi anawaelekezea bastola, anawasukumia ndani ya roketi aliyoiunda mwenyewe, na wote watatu wanachomoka kuifuata ile sayari. Hapo ukurasa ukaisha. Mwenye kutaka kujua zaidi asubiri Jumapili ijayo.

Kijana yule aliitwa Flash Gordon, msichana Dale Arden, mwanasayansi Dkt. Zarkov. Alex Raymond, aliyewachora, alikuwa na umri wa miaka 24.

Kufikia Jumanne ukurasa ule ulikuwa umeshawashia jiko, umefungia samaki, au umetandikwa sakafuni nyumba inapopakwa rangi. Gazeti halikutengenezwa likae wiki. Ndiyo maana leo nakala ya ukurasa huo ikitokea mnadani, nzima na rangi zake hazijapauka, watu wazima wenye wajukuu hushindana bei kama watoto wanaogombea embe lililodondoka.

Wakusanyaji wa katuni za kale za magazetini ni watu wachache, wenye subira na nyumba zilizojaa makaratasi. Wengi wao wako Marekani, na wengine wametawanyika Italia, Ufaransa, Hispania na Sweden. Wapo wanaopenda katuni za vichekesho, lakini kundi linalotuhusu hapa lina ugonjwa wake peke yake: linatafuta zile za visa vya kusisimua, za marubani, maharamia, wapelelezi na wasafiri wa angani, zilizokuwa zikitoka kipande kwa kipande, siku baada ya siku, kwa miaka na miaka. Katuni ya kichekesho ukiikosa siku moja hujapoteza kitu kikubwa. Kisa cha kusisimua ukikosa siku moja, shujaa uliyemwacha ananing'inia kwenye kamba juu ya mamba unamkuta mezani anakunywa chai, na hujui alitokaje.

Mtu akisikia katuni za Kimarekani huwaza vijitabu vya Superman. Hivyo vilishika kasi mwaka 1938, wakati Superman alipotokea kwa mara ya kwanza. Magazetini mambo yalikuwa yameshachangamka. Tangu miaka ya 1890 magazeti ya New York yalikuwa yakivutana wasomaji kwa kurasa za Jumapili zenye rangi, na karibu zote zilikuwa za kuchekesha. Roy Crane alianza kuchovya kidole kwenye mambo ya safari na hazina katika Wash Tubbs, iliyozaliwa mwaka 1924 kama kichekesho. Kisha ikaja siku ambayo kila mkusanyaji anaijua kwa kichwa: Januari 7, 1929. Jumatatu hiyo moja magazeti yalianza kuchapa Buck Rogers, askari aliyelala na kuzinduka baada ya karne tano, na Tarzan, iliyochorwa na Hal Foster, Mkanada aliyekuwa akichora matangazo ya biashara mjini Chicago.

Baada ya hapo mlango haukufungika. Mpelelezi Dick Tracy alikuja mwaka 1931. Mwaka 1934 peke yake ulileta Flash Gordon mwezi Januari, Mandrake mfanya mazingaombwe mwezi Juni, na Terry and the Pirates mwezi Oktoba. The Phantom, mtu wa kwanza kati ya mashujaa wa aina yake kuvaa nguo ya kubana mwili na kinyago cha macho, alianza Februari 1936. Mwaka uliofuata Foster, aliyechoka kuchora porojo za mtu mwingine, akaja na Prince Valiant, mwana wa mfalme katika zama za Mfalme Arthur.

Kazi hii ilikuwa na mitambo yake. Mchoraji hakuajiriwa na gazeti moja. Alifanya kazi na shirika la usambazaji, na lililokuwa kubwa kuliko yote ni King Features la tajiri wa magazeti William Randolph Hearst. Shirika liliuza katuni ileile kwa mamia ya magazeti, kila moja katika mji wake. Siku za wiki katuni ilitoka kwa rangi nyeusi na nyeupe, mstari mmoja wa visanduku vitatu au vinne. Jumapili ilitoka kwa rangi, na hapo ndipo wachoraji walipoonyesha ubingwa wao. Mara nyingi shirika ndilo lililomiliki kila kitu: jina, wahusika, mpaka hatima yao. Milton Caniff, aliyemfanya Terry apendwe na mamilioni, aliacha kazi hiyo mwishoni mwa 1946 kwa sababu moja tu, kwamba Terry hakuwa wake. Wiki mbili baadaye, Januari 13, 1947, akaanza Steve Canyon, rubani aliyekuwa mali yake mwenyewe.

Inafaa tusimame kwa Caniff kidogo, kwa kuwa ndiye aliyewafunza wasomaji kulia. Alikuwa akichora China ya Terry bila kuwahi kuiona, akijisomea maktaba na kukusanya picha, na kwa msaada wa rafiki yake Noel Sickles alijifunza kuchora kwa brashi yenye wino mwingi: weusi mzito upande huu, mwanga mkali upande ule, mistari michache tu katikati. Mwezi Oktoba 1941 alimuua Raven Sherman, mwanamke tajiri wa Kimarekani aliyekuwa akiwasaidia Wachina walioathirika na vita. Alisukumwa kutoka kwenye lori, akaugulia siku kadhaa milimani, akafa na kuzikwa hukohuko. Barua zilimiminika. Watu walimlilia mwanamke wa wino. Mwenye kumiliki vipande vya wiki ile, kata za karatasi ya bei rahisi zisizozidi upana wa mkono, anamiliki msiba wa nchi nzima, na anajua.

Msomaji wa Kiswahili akikaa na kurasa hizi ana haki ya kukunja uso. Zimejaa dharau za wakati wake. Ming, mtawala katili wa ile sayari ya Flash Gordon, amechorwa kwa hofu waliyokuwa nayo Wazungu juu ya watu wa Asia. Lothar, mwenzake Mandrake, alianza kama mwanamfalme wa Kiafrika aliyeacha kiti cha ufalme ili atembee na ngozi ya chui begani na kutumia misuli badala ya akili. Wachapishaji wa leo huweka maelezo mwanzoni mwa vitabu vyao kuhusu jambo hili, na wengine hupita kimya. Tarzan ndiye mwenye vioja zaidi. Edgar Rice Burroughs, aliyeibuni hadithi yenyewe, hakuwahi kukanyaga Afrika, ila maneno machache yalimfikia. Mashujaa wa msituni wanaomfuata Tarzan amewaita kabila la Waziri, nao humwita Tarzan Bwana. Mtu wa Pwani anaposoma kwamba Waziri ni kabila zima lenye mikuki na manyoya kichwani, hucheka kwanza kabla hajakasirika.

Tukubaliane hata hivyo kwamba macho yana haki yao. Ukurasa mzima wa Prince Valiant wa mwishoni mwa miaka ya 1930 una ukubwa wa karibu sentimita 40 kwa 55. Ni kitu cha kutandaza mezani, au sakafuni mtu akilala kifudifudi kama walivyofanya watoto wa wakati ule. Hakuna maputo ya maneno. Maandishi yamekaa chini ya picha kama katika kitabu, na picha imeachiwa nafasi ipumue. Daraja, maji, ngome nyuma yake, kila jiwe limepewa kivuli chake. Rangi zimepigwa kwa vidoa vidogo ambavyo macho huviunganisha yakiwa mbali kidogo. Ukiinama na kioo cha kukuzia, shavu la shujaa linakuwa nukta nyekundu tupu. Upande wa nyuma kuna tangazo la sabuni.

Ukubwa huo ndio chanzo cha ugomvi mwingi miongoni mwa wakusanyaji. Gazeti tajiri liliipa katuni ukurasa mzima. Gazeti lililobana matumizi liliipa nusu, likaweka katuni nyingine nusu iliyobaki. Mengine yalitoa kurasa ndogo za tabloidi, na miaka ilivyokwenda zikaja za theluthi ya ukurasa. Kwa hiyo hadithi ileile ya Jumapili ileile ilitoka kwa sura tatu au nne tofauti, na kila sura ilikatwa kitu. Katika nusu ukurasa visanduku hupunguzwa kwa juu au chini, na miguu ya farasi hupotea. Kwenye tabloidi hupangwa upya. Flash Gordon alisafiri na katuni nyingine ya Raymond juu yake, Jungle Jim, na gazeti lenye nafasi finyu lilimfyeka Jim bila kuuliza mtu. Vita Kuu ya Pili ilipoleta uhaba wa karatasi, Foster aliona mbele: kuanzia Aprili 1944 aliweka chini ya Prince Valiant ukanda wa hadithi nyingine, The Mediaeval Castle, ambao mhariri angeweza kuuondoa bila kumjeruhi Valiant. Mkusanyaji makini anautaka ukurasa wenye ukanda ule. Anautaka mzima, na kingo zake nyeupe ziwepo.

Swali la kwanza la mgeni huwa moja: kama magazeti yalichapwa kwa mamilioni, kwa nini hizi karatasi ni shida kupatikana?

Jibu la kwanza liko ndani ya karatasi yenyewe. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 magazeti yamechapwa kwenye karatasi ya mti uliosagwa. Ni rahisi, lakini imebaki na lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Lignini ikikutana na mwanga na hewa hubadilika rangi, na asidi iliyomo hukata nyuzi polepole. Karatasi inakuwa ya manjano, kisha ya kahawia, kisha inavunjika kama kaukau. Ukifungua furushi lililokaa darini miaka themanini, kitu cha kwanza kinachokusalimu ni harufu tamu ya vumbi la mbao, na cha pili ni chembe zinazobaki mezani baada ya kuinua ukurasa. Chembe hizo zilikuwa kingo za ukurasa jana.

Vita navyo vilichukua sehemu yake. Katika miaka ya 1940 watoto wa Marekani walipita nyumba kwa nyumba kukusanya magazeti ya zamani yakasagwe upya kusaidia jeshi, na bila kujua wakampeleka Flash Gordon kinuni.

Jibu la tatu ndilo linalowauma wakusanyaji mpaka kesho, kwa kuwa halikuletwa na wakati wala vita. Lililetwa na maktaba. Maktaba kubwa za Marekani zilikuwa zimehifadhi magazeti ya miji yao katika majuzuu mazito yaliyojalidiwa, mwaka baada ya mwaka. Ilipokuja teknolojia ya maikrofilamu, zikaona faraja: chumba kizima cha magazeti kinaingia kwenye kabati moja. Wakayapiga picha, kisha wakayauza au wakayatupa. Maikrofilamu hizo zilikuwa za nyeusi na nyeupe. Kurasa za Jumapili, ambazo rangi ndiyo roho yake, zikabaki tope la kijivu. Mwandishi Nicholson Baker aliliandikia jambo hili kitabu chenye hasira, Double Fold, mwaka 2001, lakini kuna mtu aliyeliona zaidi ya miaka thelathini kabla yake na hakuandika barua ya malalamiko. Alikodi lori.

Bill Blackbeard alizaliwa Indiana mwaka 1926, akapigana Ulaya katika Vita Kuu ya Pili, akaishia California. Katika miaka ya 1960 alitaka kuandika historia ya katuni za magazetini, akagundua kwamba ushahidi wake unatupwa. Akazifuata maktaba azichukue yeye hizo takataka. Akaambiwa sheria haziruhusu kumpa mtu binafsi. Basi mwaka 1968 akasajili taasisi isiyo ya faida na kuipa jina la kutisha: San Francisco Academy of Comic Art. Chuo chenyewe kilikuwa nyumba ya kupanga aliyokuwa akiishi na mkewe. Majuzuu yakaanza kuingia. Yakajaa sebule, yakajaa vyumba, yakashuka gereji. Blackbeard alikaa na mkasi, akakata kila katuni, akaipanga kwa jina na tarehe mpaka hadithi iliyoanza 1931 iweze kusomwa moja kwa moja mpaka mwisho wake bila pengo. Mwaka 1977, kwa msingi wa hazina ile, yeye na Martin Williams walitoa The Smithsonian Collection of Newspaper Comics, kitabu kilichowafungulia macho wasomaji wengi waliodhani katuni za zamani zimeshaoza zote.

Yupo anayemlaumu. Aliyekata katuni kutoka kwenye gazeti ameitenganisha na habari za siku ile, na kwa mtafiti wa magazeti hilo ni jeraha. Hoja hiyo ina uzito. Ila wenye kuisema hawakuwepo na lori siku ile majuzuu yalipokuwa yamepangwa mlango wa nyuma wa maktaba.

Mwaka 1997 Blackbeard alijua kwamba mkataba wa nyumba hautaendelea. Mkusanyo wake ukanunuliwa na Chuo Kikuu cha Ohio State, mjini Columbus. Vipande vilikadiriwa kuwa milioni 2.5, uzito tani 75, na vilisafirishwa kukatiza Marekani kwa malori sita makubwa. Vilipokelewa na maktaba ya katuni ya chuo hicho, iliyoanza mwaka 1977 kwa nyaraka za Milton Caniff, ambaye alikuwa amesoma hapohapo, na ambayo leo inaitwa Billy Ireland Cartoon Library & Museum. Blackbeard alifariki Machi 2011.

Si kila mwokoaji alikuwa na lori. Kurasa nyingi zilizopo mikononi mwa watu ziliokolewa na watoto. Mtoto wa 1935 alichukua mkasi wa mama yake, akakata kipande cha kila siku, akakibandika kwenye daftari kwa uji wa unga wa ngano. Daftari la namna hiyo likifumuka kutoka kwenye nyumba ya marehemu, mkusanyaji hulipokea kwa furaha na huzuni kwa pamoja. Miezi tisa ya Terry ipo mfululizo, ila imebandikwa pande zote mbili za kila jani, gundi imepenya hadi usoni mwa Dragon Lady, mmoja wa wahusika, na hapa na pale mende wamekula unga pamoja na hadithi. Kuloweka unaweza, kwa uangalifu mkubwa na kwa mtu anayejua kazi. Wengi huliacha daftari kama lilivyo.

Mtu akitaka kuanza, haanzi na ukurasa wa Januari 7, 1934. Zipo kurasa za Jumapili za miaka ya 1950, za Prince Valiant au za Johnny Hazard, zinazouzwa kwa dola chache tu, na hizo ndizo shule. Humo mtu anajifunza kutafuta tarehe, ambayo mchoraji au shirika huiandika kwa herufi ndogo ndani ya kisanduku kimojawapo, pamoja na mstari wa hakimiliki. Anajifunza kugeuza nyuma: karatasi ya gazeti la kweli ina kitu nyuma yake, katuni nyingine au tangazo, na nakala iliyochapwa upya miaka ya karibuni mara nyingi huumbuka hapo, au huumbuka kwa weupe na ulaini wa karatasi. Anajifunza pia kwamba neno "nzima" la muuzaji na neno "nzima" la mnunuzi ni maneno mawili tofauti.

Kuhifadhi hakuhitaji utajiri, kunahitaji adabu. Ukurasa hulazwa, haukunjwi, kwa kuwa mkunjo wa gazeti ni mahali litakapokatikia. Huwekwa ndani ya bahasha ya plastiki ya poliesta pamoja na kadi isiyo na asidi nyuma yake, gizani, mahali pakavu na pasipo joto. Utepe wa kunata ni haramu. Baada ya miaka michache huacha alama ya kahawia isiyotoka. Kutia plastiki ya moto, kama vyeti vya shule, ni sawa na kuuzika ukurasa ukiwa hai. Anayeishi Tanga, Lamu au Muscat, ambako hewa ya bahari hulainisha hata chumvi koponi, ana kazi mara mbili ya yule wa Ohio, na hapo hajaanza kupigana na mchwa.

Juu ya kurasa zilizochapwa kuna ngazi nyingine: michoro yenyewe ya wino, ile iliyotoka mkononi mwa mchoraji. Ni mikubwa kuliko watu wanavyotarajia. Michoro ya Foster ya Prince Valiant ilifika karibu sentimita 90 kwa urefu. Ukiitazama kwa karibu unaona yale ambayo gazeti halikuonyesha: mistari ya penseli ya buluu ambayo kamera haikuiona, rangi nyeupe iliyofunika kosa, kichwa kilichochorwa upya kwenye karatasi nyingine na kubandikwa juu ya kile cha kwanza. Enzi zile michoro hii haikuwa na bei. Mashirika yaliitupa ikijaza kabati, na wachoraji waliigawa kwa msomaji yeyote aliyeandika barua ya heshima. Waliopata kwa stempu ya posta wakawaachia watoto wao urithi wa nyumba.

Ng'ambo ya bahari hadithi hizi zilipata mikasa yake. Nchini Italia gazeti la L'Avventuroso lilianza Oktoba 1934 likiwa na Flash Gordon ukurasa wa mbele, na vijana wakalivamia, mpaka mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilipopiga marufuku katuni za Kimarekani. Ubelgiji kulitokea jambo ambalo wakusanyaji husimuliana kama ngano. Wakati wa ukaliaji wa Wajerumani kurasa mpya za Flash Gordon zilikoma kufika kwenye jarida la Bravo, hadithi ikiwa katikati. Jarida likamwomba mchoraji wake Edgar P. Jacobs amalizie mwenyewe. Akachora kurasa chache kwa mkono wa Raymond, kisha Wajerumani wakazipiga marufuku nazo, ndipo Jacobs akabuni hadithi yake mwenyewe ya kuziba pengo. Mtu huyohuyo baadaye aliwapa Wabelgiji Blake na Mortimer, ambao wanasomwa hadi leo. Kurasa zile za Bravo, za Flash Gordon asiye wa Raymond, zina watu wanaozisaka peke yake.

Raymond alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1956, akiwa na miaka 46. Hakumwona kijana wa California aliyetaka kutengeneza filamu ya Flash Gordon, akanyimwa haki za hadithi, akaamua kutunga ya kwake. Kijana aliitwa George Lucas na filamu ilitoka mwaka 1977.

Miaka ya karibuni vitabu vizuri vimezileta hadithi hizi tena, na karibu kila kimoja kina deni kwa mtu mwenye makaratasi nyumbani. Mwaka 2005 Peter Maresca, mkusanyaji mwenyewe, alichapisha kurasa za katuni ya Little Nemo kwa ukubwa uleule zilivyokuwa gazetini mwaka 1905, kitabu kisichoingia kwenye rafu yoyote ya kawaida. Mwaka 2007 Dean Mullaney alianza kutoa Terry and the Pirates yote ya Caniff kwa majuzuu sita. Mwaka 2009 wachapishaji Fantagraphics walianza upya Prince Valiant wakitumia nakala za majaribio ya rangi alizokuwa amezitunza Foster na zilizohifadhiwa Chuo Kikuu cha Syracuse. Mtu angedhani sasa wakusanyaji wangepumzika. Wengi wao wamenunua vitabu hivyo, wamevisoma, na wameendelea kutafuta.

Prince Valiant ndiye anayewatesa kwa utaratibu, kwa sababu kurasa zake zina namba. Ya kwanza, ya Februari 13, 1937, ni namba 1. Foster aliendelea kuchora kwa mkono wake mpaka namba 1788, Mei 1971, alipompisha John Cullen Murphy, na hadithi bado inatoka kila Jumapili. Mkusanyaji wa Valiant hutembea na orodha: karatasi iliyopigwa mistari, namba 1 mpaka 1788, kila iliyopatikana imewekewa alama. Miaka ya 1950 na 1960 hujaa upesi. Vita vinaacha matundu. Kadiri unavyorudi juu ya orodha alama zinapungua, mpaka unafika kwenye mistari ya kwanza kabisa, pale kwenye vinamasi vya Uingereza ambako Valiant bado ni mtoto, na hapo karatasi ni nyeupe.